Masale ya Baba

Kwa daktari wangu wa meno hapa Dar es Salaam, pale wagonjwa wanapokaa kungojea, kuna chungu kikubwa cheupe chenye isale ndani yake. Wenyewe wanaliita ua. Mara ya kwanza nilipoliona nilikaa kando yake shavu limenivimba, nikashika jani moja bila kufikiri, nikalikunja, nikalifunga fundo kama nilivyofundishwa kabla sijajua kuandika jina langu. Binti wa mapokezi akaniambia kwa adabu, "Mama, samahani, maua yetu tunaomba yasiguswe." Nikalifungua lile fundo. Jani likabaki na mkunjo, nami nikarudi nyumbani na mtaa mzima kichwani, mtaa niliodhani nimeshausahau.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu membamba, wa kijani mwaka mzima, ambao hata ukiukata ukautupa juani hauna haraka ya kufa. Huko kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, masale ndiyo mpaka. Shamba la huyu linaishia kwenye masale, la yule linaanzia hapo, na hakuna mtu mzima mwenye akili zake anayeyang'oa. Tena ukimkosea mtu kiasi kwamba hataki hata kukuona, unafunga fundo kwenye jani la isale, unampelekea. Hata ukiwa na ombi zito kwa mtu hufanya hivyohivyo, wala huna haja ya kusema neno. Akilipokea, yamekwisha. Bibi, mama yake baba, alinifundisha haya huku akimenya ndizi, na akaongeza la kwake, kwamba anayeng'oa isale la mpakani huvimba tumbo na hafikishi mavuno. Sijui alilirithi au alilitunga ili tusichezee majani ya watu. Mimi niliamini kama nilivyoamini kwamba Jumatatu huja baada ya Jumapili.

Baba alikuwa mtoto wa katikati. Kwetu wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, na hawa wa katikati hujitafutia. Basi baba akajitafutia. Aliteremka Moshi mjini, akapata kazi kiwandani, na kwa kuwa hakutaka kuzeekea chumba cha kupanga akatafuta ardhi chini kabisa, ng'ambo ya mtaa wa Soweto, mahali ambapo mji ulikuwa umekoma na mbuga haijaanza sawasawa. Ardhi hiyo ilimilikiwa na mzee mmoja aliyekuwa akichungia ng'ombe wake huko. Walikubaliana, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa, wazee wachache wakaitwa, wakanywa, kisha baba na yule mzee wakazunguka eneo lote wakipanda masale. Basi. Kwao biashara ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri. Baba hakuwahi kusema "kiwanja changu". Alisema "nyumbani".

Watu wa rika langu mnaozijua sehemu zile leo mtanibishia, lakini palikuwa na nyasi tu, vichuguu, mijohoro ya hapa na pale, na njia ya miguu iliyokwenda kukutana na reli. Maji tulichota kwenye bomba moja la mbali. Asubuhi mlima ulifunguka wote, mweupe juu, na mama alikuwa akisimama mlangoni na ufagio mkononi akiutazama kidogo kabla ya kuanza kazi, kwa sababu kule juu ndiko alikotoka na huku chini hakupapenda. Migomba aliyoleta ilidumaa. Huku hakuna mfereji wa kunyweshea kama wa mlimani, jua ni kali, na vumbi lilikuwa likiingia hadi kwenye sukari. Baba alimchokoza, akimwita kwa jina langu, "Mama Manka, hata wewe ulipokuja ulinyauka, mbona sasa umenenepa?" Mama alicheka kwa shingo upande.

Kitu pekee kilichostawi pale kwetu ni masale. Yalistawi kwa sababu baba aliagiza kwamba maji yote ya kuoshea vyombo yapelekwe huko. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kila baada ya chakula nilibeba ndoo ya maji machafu yenye mabaki ya ugali, nikapita kando ya mahindi yaliyokuwa yakikauka, nikaenda kumwagilia mpaka. Siku hizi nikifikiria nashindwa kujua nicheke au nilie. Tulikuwa na njaa ndogo ndogo ndani, na mpaka wetu umeshiba.

Halafu watu wakaanza kuja. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mnaikumbuka, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai tukachagua mpaka soksi. Kahawa ilikuwa imeshuka bei kiasi kwamba mlimani watu waliing'oa bila kuona haya, na vijana wakateremka. Waliokuwa na biashara mpakani mwa nchi walileta tofali. Waliofika wa kwanza walijenga vibanda, waliofuata wakajenga nyumba zenye nondo zilizochungulia juu kungojea ghorofa ambayo wengi hawakuijenga mpaka leo. Likaja kanisa la mabati, ukaja msikiti mdogo wenye kipaza sauti kinachokoroma, ikaja baa, likaja duka lenye friji na sisi watoto tulikwenda kununua kiberiti ili tupate kuigusa. Kabla sijamaliza darasa la nne, mbuga yetu ilikuwa imegeuka mtaa, ingawa haukuwa na jina. Watu walielekezana kwa kusema, "pita masale yale, halafu kata kulia." Nilijiona binti wa mtu mkubwa.

Jirani yetu wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, mjane aliyetokea Majengo, mzaliwa wa mjini hasa, mshonaji, mwenye cherehani iliyokuwa ikianza kazi kabla jogoo wake hajawika. Yeye na mama walipendana upesi. Mama alimpelekea maandazi, yeye alitushonea sare za shule. Ndiye aliyetuonya kwanza.

"Baba Manka," alimwambia baba siku moja, amesimama upande wake wa masale, "mimi nimeshakwenda ofisi ya ardhi nimeandikishwa. Na wewe nenda. Wanasema huku kutapimwa."

"Kwangu kumeshapimwa," baba akasema, akamwonyesha masale kwa kidevu.

"Hayo mimi nayaheshimu kwa sababu nakuheshimu wewe. Hao watakaokuja hawakujui."

"Watayajua. Mtu gani atayaona haya asijue?"

Mama Zuhura akamgeukia mama. Mama akatazama chini. Nadhani mama alikuwa anaelewa, lakini nyumbani kwetu jambo la ardhi lilikuwa la baba, na baba hakuwa mtu wa makelele ambaye unaweza kugombana naye ukapoza moyo. Alikuwa mpole. Mtu mpole akishikilia jambo hupati pa kumshika. Mimi nilikuwa upande wa baba moja kwa moja, na nilimwonea huruma Mama Zuhura kwa kutegemea karatasi, kitu ambacho panya anakula.

Kiwanda kikauzwa, baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hatukulisema sana. Mama aliongeza maandazi na chai, baba akatia benchi chini ya mjohoro mbele ya nyumba ili wateja wakae. Ni hapo benchini walipokuja kukaa, mwezi mmoja wa kiangazi, vijana wa wapima ardhi.

Walikuja na darubini ya miguu mitatu, mnyororo wa kupimia, mapanga, na bikoni za zege, zile nguzo fupi za mpaka, walizozipanga kando ya njia. Bosi wao alikuwa kijana wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye kofia na sauti ya taratibu. Mtaani walimwita Bwana Mpima. Alichungulia kwenye darubini, akainua mkono, akauteremsha, na vijana wake wakafyeka kufuata mkono ule. Mkono ukaelekea kwetu. Wakaingia kwenye masale kama wanaingia kwenye magugu.

Nilikuwa nimetoka shuleni. Naikumbuka harufu yake, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, na utomvu uliokuwa ukishuka kwenye mapanga. Baba alisimama mlangoni. Mimi sikuogopa hata kidogo. Niliwahurumia. Nilijua kinachokuja, nikakaa mahali pazuri pa kukiona.

Saa ya chai walikaa benchini, mama akawauzia maandazi, maana angefanya nini, ile ndiyo riziki yetu. Nilikodolea macho matumbo yao. Mmoja wao, mnene kidogo, alikula, akanywa, akaongeza, kisha akashika tumbo, akaguna, akalegeza mkanda. Nikamkimbilia mama jikoni, nikamnong'oneza, "Mama, imeanza." Mama akauliza nini imeanza. "Tumbo lake linavimba. Yule aliyekata." Mama akanitazama na mwiko mkononi. Nilidhani atacheka, lakini alinivuta akanibana kwenye khanga yake yenye harufu ya mafuta ya kukaangia, kisha akaniambia nikakusanye vikombe. Kesho yake yule mnene alikuja mapema kuliko wenzake, anapiga mluzi, akaagiza maandazi tena.

Jioni ile balozi wetu wa nyumba kumi alipita kueleza. Barabara ya mtaa ilikuwa imechorwa ipite kwetu. Si pembeni, katikati, juu ya nyumba. Sehemu zitakazobaki huku na huku zitakatwa viwanja, na vimeshapata wenyewe. Baba aliuliza wenyewe ni nani, na balozi akasema hata yeye hajui. Mama akaketi chini sakafuni palepale. Sikuwahi kumwona mama akikaa sakafuni mbele ya mgeni.

Jumapili baada ya misa baba hakuvua koti lake la kanisani. Alikwenda kwenye masale yaliyobaki, akachagua jani kwa makini, akalifunga fundo, akalizungushia gazeti. Kule mlimani hili huwa linapelekwa na mtu wa kati, mzee anayeheshimika, na anakwenda hata kama ni mbali. Baba hakuwa na wa kumtuma. Waliokunywa mbege ile siku ya mpaka, pamoja na yule mzee wa ng'ombe, wote walikuwa wameshakufa. Akanishika mkono mimi, tukaenda kwa miguu hadi Majengo, alikopanga Bwana Mpima.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi, na nje barazani fundi alikuwa akigonga masufuria. Bwana Mpima alikuwa amevaa kaptula na fulana ya ndani, anafua. Alipomwona baba akajifuta mikono haraka.

"Shikamoo, mzee. Karibuni ndani."

"Marahaba, mwanangu."

Baba alifungua gazeti, akalitoa jani, akampa kwa mikono miwili. Kisha akanyamaza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Fundi aligonga masufuria yake nje. Bwana Mpima alilipokea kwa mikono miwili vilevile, maana alilelewa vizuri, akaligeuza upande huu na huu.

"Hii ni dawa, mzee?"

"Ni isale."

"Ahaa. Nayaona kule kwenye kazi. Yanapendeza sana." Akatafuta pa kuliweka, akachukua glasi mezani, akamimina maji, akalitumbukiza jani, akaisogeza glasi katikati ya meza. "Asante, mzee. Chumba changu hakikuwa na hata ua moja."

Jani lilisimama ndani ya maji, na fundo lake juu. Mimi sikusikia vizuri yaliyofuata kwa sababu kichwani mwangu kelele za furaha zilikuwa zimeanza. Amelipokea. Kwa mikono miwili. Amelinywesha na maji. Maneno mengine nimeyakusanya baadaye, kidogo kidogo, jinsi mtu anavyookota shanga zilizomwagika.

Baba alisema, "Mwanangu, pale ni kwangu."

"Najua, mzee. Nimekuona. Lakini mimi napima tu. Ramani nimeletewa imeshachorwa. Wangenipa uwezo…" Akaishia hapo. "Huna karatasi yoyote? Hata ya aliyekuuzia?"

"Tulikunywa mbege, tukapanda masale. Watu walikuwepo."

"Wako wapi tukazungumze nao?"

Baba aliwaza kidogo, kama vile labda alikuwa amemsahau mmoja. "Hawapo," akasema.

Bwana Mpima alitusindikiza hadi barabarani. Alininunulia pipi. Nimejaribu miaka mingi kumchukia mtu yule na nimeshindwa, na kushindwa huko kunaniuma zaidi, kwa sababu ningempata wa kumchukia ningepumzika.

Njiani nilirukaruka. Nilimwambia baba, "Amepokea."

"Amepokea," baba akasema.

Tulipokaribia nyumbani nilimwachia mkono nikakimbia mbele, nikapiga kelele tangu njiani, "Mama! Amepokea!" Mama alikuwa anachekecha unga. Aliliweka chekeche chini, akamtazama baba aliyekuwa anakuja nyuma yangu na koti lake la kanisani mkononi. Baba akaitikia kwa kichwa. Hadi leo sijui alimdanganya mama, alijidanganya mwenyewe, au alishindwa tu kunivunja moyo. Mama alipika ndizi kwa nyama siku hiyo. Nyama alikopa kwa Mama Zuhura. Tukala, na baada ya kula nilibeba ndoo ya maji machafu, nikayamwagilia masale yote, hata yale yaliyokatwa. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha tena namna ile.

Bikoni zikapandwa wiki ileile. Moja ilikuwa jikoni, karibu na mafiga ya mama. Akaja kijana wa tathmini kuandika mazao ya kufidiwa, akahesabu migomba, akahesabu mahindi, akapita kwenye masale. Baba akamwambia, "Na haya." Kijana akasema, "Haya ni maua, mzee. Maua hatuandiki." Walichotupa kilitosha kuhama, hakikutosha kufika popote. Baba aliezua bati mwenyewe kabla tingatinga halijafika. Hakutaka likute chochote kimesimama.

Siku tunafunga mizigo, Mama Zuhura alikuja. Alikuwa analia na hakujificha. Alimsaidia mama kufunga vyombo kwenye shuka, kisha akamwendea baba, akamwomba amkatie mashina ya masale yaliyokuwa yametupwa kando ya njia. "Nitapanda kwangu," akasema, "nipate kuwakumbuka." Baba akamkatia, akamchukulia, akaenda kumpandia mwenyewe. Majirani wengine wakaona, nao wakaja. Mmoja aliyapenda kwa sababu mbuzi hawayali, mwingine kwa sababu yanazuia vumbi. Baba aliwagawia wote. Alitembea mtaani na panga na jembe, anachimba, anapanda, anawaonyesha, "Weka hapa ukingoni. Usiweke katikati. Hapa ndipo unapoishia." Mzigo uko juu ya mkokoteni, mama ameketi juu ya godoro, na baba anapanda mipaka ya watu.

Nilikasirika nikamfuata nikamwambia, "Baba, hayo ni yetu."

Alikuwa ameinama anashindilia udongo kwa kisigino. "Mwanangu, sasa nitayapeleka wapi?" akaniuliza. Alingoja, kweli kabisa, kana kwamba huenda mimi ninajua.

Tulipanga chumba Majengo, si mbali na pale alipokaa Bwana Mpima. Baba akapata kazi ya ulinzi. Desemba ilipofika na Wachagga wa kila kona wakapanda kwenda nyumbani, sisi tulipanda pia, kwa baba mdogo, mtoto wa mwisho, tukapewa chumba cha wageni. Baba alikaa kwenye kiti cha wageni. Na alipofariki akazikwa hukohuko, ukingoni mwa shamba la mdogo wake, karibu sana na masale ya mpaka. Nyumbani kwake tungempeleka wapi, barabarani?

Desemba iliyopita nilikuwa na shughuli Moshi, nikamwambia dereva anishushe chini, ng'ambo ya Soweto, nitembee. Mtaa siku hizi una jina na vibao vya jina. Barabara ina lami, zipo hosteli za wanafunzi, duka la dawa, saluni, wakala wa benki dirishani. Mlima ulikuwa umefunguka. Na kila nilikopita, kila ukuta, kila geti, kila mwanzo na mwisho wa kiwanja, masale. Yamekatwa vizuri, yamepigwa chokaa chini kwenye mawe, yanang'aa. Mtaa mzima umejigawa kwa masale ya baba. Nilitembea katikati ya lami mpaka nikafika mahali ambapo miguu ilisimama yenyewe, nikajua hapa palikuwa jikoni.

Binti mmoja alikuwa anafagia mbele ya geti. Akaniona nimesimama barabarani, akaacha ufagio.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwambia nimepotea.

Alikuwa binti mwema. Alitoka hadi barabarani, akanishika mkono, akanielekeza polepole kama unavyomwelekeza mgeni: nishike masale haya mkono wangu wa kushoto, nisiyaache, niyafuate hivyohivyo hadi mwisho, nayo yatanitoa.